Mbuzi wa Uso

Katika familia yetu, kukiwa na jambo la kukataa, ninatumwa mimi. Sioni haya kulisema. Dada zangu wana roho nyepesi: wakipewa kiti na soda wanakubali kila kitu. Mimi ninakunywa soda, ninashukuru, halafu ninakataa. Nimeuza unga na samaki wakavu katika soko la Dilala, hapa Kolwezi, tangu kabla binti yangu hajazaliwa, na mtu aliyeuza samaki miaka yote hiyo hadanganywi kirahisi. Kwa hiyo binti yangu alipopiga simu kutoka India, alikokwenda kusomea ufamasia, akasema amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni mtu wa kijiji kilicho juu kabisa katika milima ya Himalaya, mume wangu alininyooshea simu.

Asubuhi iliyofuata, akiwa anafunga viatu vyake mlangoni, aliniambia, "Wende wewe, mama. Mi miguu yangu haiko ya milima. Uone ile jiko, urudie na jibu."

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikwenda Himalaya kusema hapana.

Lazima nieleze habari ya jiko, maana bila hiyo safari yangu itaonekana kama utalii. Bibi yangu, mama wa mama yangu, aliletwa Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji, kutoka jimbo la Kasai akiwa bibi arusi. Alikuja kwa treni kumfuata mume aliyekuwa ameajiriwa mgodini, akapewa nyumba ya kampuni katika mstari wa nyumba zilizofanana hata watoto walikuwa wakiingia kwa jirani wakidhani ni kwao. Mama yake alibaki Kasai na hakuwahi kuja. Bibi alikuwa akisimulia kwamba kila msafiri aliyerudi kule kutoka migodini, mama yake alimfuata kumuuliza: kule wanapikia nini, moto wao ukoje, mwanangu anakaa upande gani wa moto? Wanaume wale walikuwa wanajua habari za shaba na mishahara. Habari za jiko hawakuwa nazo. Mama yule alikufa akiwa bado anauliza.

Ndiyo maana bibi alituwekea sheria, na kwetu sheria ya bibi ni zaidi ya ile ya serikali: mtoto wetu wa kike haendi kwenye jiko ambalo mama yake hajalikalia. Kukalia si kupita na kuchungulia. Ni kuketi karibu na moto, kula kilichopikwa juu yake, kisha kusimama na kusema ndiyo au hapana.

Kuna sheria ya pili, hiyo ilikuja na treni ile ile. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Akija kwa njia hii, mimi ninageuka ninapita ile. Haya hiyo haiondoki mpaka siku kijana anapoleta mbuzi tunayemwita mbuzi wa uso. Huyo ni wa mwisho kabisa, baada ya mahari yote, baada ya vinywaji, baada ya wajomba kugombana na kupatana. Mama akishashika kamba ya mbuzi huyo, anaweza kumtazama kijana na kula mbele yake, na kuanzia hapo hakuna wa kurudisha kitu. Binti ameshakwenda.

Mimi nilizaliwa Kapata. Kasai sijawahi kuiona hata siku moja. Lakini sheria hizi mbili nimezishika, na kwetu Kolwezi hazijawahi kugongana. Siku mama anapokwenda kukalia jiko, kijana anafukuzwa nyumbani tangu asubuhi, anakwenda kunywa bia kwa rafiki yake. Hakuna shida yoyote.

Ndege nitaziruka, kila mtu siku hizi ameshaona ndege. Kutoka Delhi tulipanda basi, mimi na binti yangu aliyenipokea, na mahali basi lilipochoka tukamkuta kijana mwenyewe anatusubiri na jipu la binamu yake. Nilikuwa nimemwambia binti yangu mapema kwamba sitaki kumuona. Yeye alicheka akadhani ni utani wa mama. Kijana akaruka kutoka kwenye jipu, akaja moja kwa moja mbele yangu, akafungua macho yake yote na kusema kwa Kiswahili, "Jambo sana, mama!"

Binti yangu alimfundisha maneno, hakumfundisha macho. Nilivuta kitenge nikaangalia chini. Hapo ndipo nilipoviona viatu vyake: viatu vizito vya rangi ya udongo, kimoja kina kamba nyekundu, kingine kamba nyeusi. Kwa siku kadhaa zilizofuata nilimjua mkwe wangu kwa viatu hivyo tu. Nilijua anavyokanyaga, nilijua kiatu cha kulia kimeisha upande wa nje. Uso sikuujua.

Niseme ukweli kuhusu milima. Kwetu Kolwezi mlima ni kitu kilichofanywa na watu. Malori yanatoa udongo shimoni, yanaumwaga, yanamwaga tena, mpaka siku moja unainua kichwa unakuta mlima mahali ulipokuwa unalima mihogo. Na ukiona mlima, unajua kuna shimo karibu la ukubwa ule ule. Sasa jipu lilipozunguka kona moja na milima ile ikasimama yote mbele yetu, myeupe juu, hadi nikalazimika kuinama dirishani kuutafuta mwisho wake, swali langu la kwanza lilikuwa: shimo liko wapi? Nilimuuliza binti yangu. Akamtafsiria kijana, na viatu vikaacha kukanyaga mafuta kwa muda kwa sababu ya kicheko.

Nilikuwa nimemwambia binti yangu kwamba baridi hainitishi. Sisi ni watu wa nyanda za juu, mwezi wa sita tunavaa makoti asubuhi. Nilisema hivyo tukiwa bado chini. Tulipofika juu sikurudia, maana kuongea kulikuwa kunakula pumzi niliyoihitaji kwa kazi nyingine.

Kijiji chenyewe ni nyumba chache za udongo mweupe zenye paa bapa, zimeshikamana na mlima. Juu ya kila paa wamepanga kuni na kukausha majani ya mifugo, na vitambaa vya maombi vinapigwa na upepo. Kila nyumba ina ngazi mbili za maisha. Chini wanalala mbuzi na ng'ombe wenye manyoya marefu. Juu wanakaa watu, na kupanda kwenyewe ni kwa gogo lililochongwa vidato. Mimi ni mama mzito. Nililitazama lile gogo, lile gogo likanitazama, nikapanda.

Juu nilikuta wazazi wa kijana wamesimama, baba mwembamba mwenye kofia ya sufu na mama mdogo wa umbo mwenye mashavu yaliyoungua na jua. Wakanivika shingoni kitambaa cheupe cha heshima. Halafu mlango ukafunguliwa, nikaliona jiko.

Lilikuwa jiko la chuma katikati ya chumba, na bomba lake linatoka juu kwenye dari. Sufuria za shaba zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na kwa shaba mimi sihitaji kuambiwa, ninaijua ikiwa nzuri. Hakuna jivu sakafuni. Maji yamefunikwa. Nilitafuta kosa na sikuliona, jambo lililoniudhi kidogo, maana nilikuwa nimekuja na jibu na nilihitaji sababu. Kisha nikagundua kitu kingine. Chumba kile ndicho kilikuwa nyumba. Vile vingine vilikuwa stoo na chumba kimoja cha wageni chenye baridi ya kaburi. Majira ya baridi yakianza, wanapika, wanakula, wanasali na kulala kuzunguka jiko lile moja. Wote. Pamoja na kijana.

Walinikalisha mahali pa juu, karibu kabisa na moto, penye zulia nene. Kwao mgeni wa heshima anakaa hapo, na mtoto wa kiume wa nyumba ndiye anayemmiminia chai kwa mikono miwili, amepiga goti mbele yake. Chai yao inatiwa siagi na chumvi. Kabla sijajua kinachotokea, viatu vile viwili vilikuwa vimevuliwa mlangoni, soksi zilikuwa mbele yangu, na kikombe kilikuwa kinakuja usoni mwangu pamoja na mkwe.

Nikasimama. Nikamnong'oneza binti yangu, "Mutoshe inje. Aende kwa jirani. Mi siwezi kukula mbele ya mukwe."

"Mama, atakwenda wapi? Huku hakuna bistro ya kukunywa bia. Inje iko baridi ya kuua muntu."

"Baba yako alikwenda inje siku yake."

"Mama, ile mambo ni ya Kasai ya zamani. Sisi tuko bantu ba Kolwezi."

"Na hiyo Kolwezi ilitoka wapi? Bibi yangu alikuya nayo mu treni."

Basi akamwambia kijana jambo, sijui alimwambia nini, na kijana akatoka. Baba yake akashangaa, akamfuata nje, akamrudisha kwa mkono. Kwao si heshima mtu wa nyumba kukosekana wakati mgeni anapokunywa kikombe cha kwanza. Ni kama kumwambia mgeni kwamba nyumba imegawanyika. Akamsukuma tena mbele yangu na kikombe chake. Mimi nikavuta kitenge mpaka kidevuni, nikageuza uso kwa ukuta, nikatoka. Nilishuka lile gogo haraka kuliko nilivyolipanda, nikaenda kukaa chini kwa ng'ombe. Ng'ombe walinipokea vizuri.

Kuanzia hapo nilikula katika chumba cha wageni. Binti yangu alikuwa ananiletea sahani na kuiweka kwa kishindo. Nilivaa makoti yote niliyokuja nayo na juu yake vitenge vitatu, nikala chakula kilichopoa njiani kati ya mlango na mlango. Ningeweza kusema hapana siku ile na kurudi. Lakini sheria ya bibi inamfunga hata anayetaka kukataa: huwezi kukataa jiko ambalo hujalikalia. Na kulikalia nisingeweza, kwa sababu mkwe wangu alikuwa amelikalia kabla yangu. Nilikuwa nimenaswa na sheria zangu mwenyewe, na hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpelekee nani.

Mchana, nje, mambo yalikuwa mazuri. Baba wa kijana alikuwa mtu ninayempenda. Alinipeleka kuona mashamba yao ya shayiri, vipande vidogo vilivyoshikiliwa na kuta za mawe, na alinisubiri kila niliposimama kuvuta pumzi, akijifanya yeye ndiye aliyechoka. Ukutani mwa shamba moja nikaona jiwe. Nililichukua, nikalitemea mate na kulisugua kwa kidole. Likatoa kijani, rangi ya mawe ya shaba. Mtoto yeyote wa Kolwezi anajua kijani hicho kabla hajajua kuhesabu.

Nikamwita binti yangu. "Ambia baba azike hii jiwe. Asionyeshe muntu."

Baba akauliza kwa nini.

"Mwambie kwetu bantu balichimba mpaka chini ya salon yabo, pale banakalisha bageni. Nyumba ikaanguka ndani ya shimo."

Sijui kama lilikuwa jiwe lenyewe au uchafu tu wa mlimani. Baba akachimba kwa kisigino na kulizika, akakanyaga juu, akasema neno ambalo binti yangu alilitafsiri hivi: mlima huu umetuvumilia, na sisi tuuvumilie. Nilifikiri, huyu mzee ningempa hata mabinti wawili. Halafu tukarudi nyumbani, tukafika mlangoni, na mimi nikaenda zangu kwenye baridi.

Mama wa nyumba ndiye aliyenivunja. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji ya kunawa, nikamkuta amekaa nje juani na sufuria zake zote za shaba. Alikuwa anazisugua kwa jivu. Sufuria zilikuwa zinang'aa tayari, nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, na bado alikuwa anasugua, vidole vyake vimepasuka kwa baridi. Pembeni yake kulikuwa na kikombe kipya, bado kina karatasi ya duka. Nilimuuliza binti yangu kikombe ni cha nani.

"Ni ya kwako," akasema bila kunitazama. "Anasema pengine vikombe vyake vinakunukia mubaya. Tangu ulitoka inje anaosha nyumba yote. Anasema kama mama wa Afrika hawezi kukula kwake, ni kwa sababu ameona uchafu ambao yeye haoni."

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nimekuja, na mwenyeji alikuwa anaugua. Niliumia. Mimi ni mwanamke wa sufuria, ninajua maana yake kusugua kitu kilicho safi.

Siku ile ile mawingu yalishuka chini ya kijiji, na watu wakaanza kuongea habari ya theluji. Ikianguka, barabara inafungwa mpaka majira mengine. Alasiri baba wa kijana alimwita binti yangu jikoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia sauti yake ya taratibu. Binti yangu akaja chumbani kwangu, akaketi juu ya sanduku lake.

"Anasema wewe ni muntu muzuri sana inje ya nyumba," akasema. "Lakini ndani ya nyumba yake huwezi kukaa. Anasema mutoto anafuata mama yake. Kesho jipu inashuka, tushuke sisi wote wawili. Anasema haina ugomvi."

Hakulia. Alifungua sanduku na kuanza kukunja nguo zake, moja moja, mikono ya blauzi ndani, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Laiti angelia ningejua la kufanya, maana kilio cha mtoto kina dawa. Yeye alikuwa anakunja nguo kama mtu aliyekwisha kumaliza.

Mimi ninayetumwa kukataa nilikuwa nimekataliwa. Nilikuja na hapana yangu mfukoni, na mzee mwenye kofia ya sufu akaniwahi na yake. Kwanza nilikasirika. Nani huyo wa kumkataa mtoto wangu? Hasira ilipopita nikaona kilichobaki chini yake: nilikuwa sitaki tena kusema hapana. Sijui lini ilianza, pengine kwenye jiwe, pengine kwenye sufuria. Nilikuwa nimeona majiko ya wanawake wengi mjini kwetu, yenye gesi na vigae, ambayo nisingempa binti yangu ayakalie hata kwa chakula cha mchana. Hili ningempa.

Ningeweza kuingia tu na kukaa. Hakuna mtu wa Kapata ambaye angeniona. Nililifikiria hilo, sitadanganya. Lakini kama ningeivunja sheria ya mkwe kwa sababu nilikuwa mbali na nyumbani, basi hata ile ya jiko ilikuwa ya kuvunjwa, na kumbe nilikuwa nimepanda mlima ule bure. Bibi alishika haya yote mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumchunga. Na mimi nitayashika hapa.

Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda nikasimama kwenye mlango wa jikoni. Nilitazama chini. Viatu vilikuwepo pale mlangoni, kamba nyekundu na kamba nyeusi. Nikamwita binti yangu.

"Baambie, kijana alete mbuzi."

Binti yangu alikuwa ameshika blauzi moja, nusu imekunjwa.

"Mama," akasema polepole, "unayua unaomba nini?"

"Minayua."

"Mahari bado. Wajomba bado. Baba hajasema. Mama, ile mbuzi ni ya mwisho."

"Mi njo nilikufundisha kama ni ya mwisho. Baambie."

Akawaambia. Ilichukua muda mrefu, maana ilibidi aanze na treni. Nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka katika lugha ile nisiyoijua, nikasikia neno Kasai, nikasikia neno Kapata. Nilikuwa bado ninatazama viatu. Baba akauliza swali: mbuzi ni wa kuchinjwa? Wao hawapendi damu ndani ya nyumba. Nikajibu hapana, ni wa kupewa, akiwa hai, kamba mkononi. Akauliza tena: na kwa nini mama hakusema tangu siku ya kwanza? Nikasema haya haielezwi, ikielezwa si haya tena.

Halafu mama wa nyumba akasema kitu kifupi. Binti yangu akacheka na machozi yakamtoka wakati huo huo.

"Anauliza: kwa hiyo si sufuria zake?"

Nikamwambia sufuria zake ni safi kuliko zangu. Si kweli, lakini ni karibu na kweli. Mama yule alikaa chini pale pale, akafunika uso kwa aproni yake, na mabega yake yakatikisika, sijui kwa kilio au kwa kicheko, na nadhani hata yeye hakujua.

Kijana alishuka kwa mbuzi. Alikuwa na jike wake mwenyewe, wa kijivu, mwenye manyoya marefu na kengele shingoni, aliyemlea tangu mama yake mbuzi alipokufa. Mbuzi wa mlimani anapanda mwamba wowote, lakini kuingia chumba cha watu hakufundishwa. Alikataa gogo. Kijana akavuta, baba akasukuma kwa nyuma na kofia yake ikaanguka, kengele ikalia, majirani wakatokea juu ya paa zao kuangalia. Mwishowe mbuzi akaingia jikoni kwa nguvu kama mdai, akapita karibu na jiko, akaanza kula zulia la mgeni wa heshima.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuketi juu yake. Nilikuwa nimekaa karibu na moto, mahali pa juu, na joto lilikuwa linaingia mifupani kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kijana akapiga goti. Soksi zikawa mbele yangu, kisha mikono miwili, na ndani ya mikono kamba ya sufu nyeusi.

Niliishika.

Kisha nikainua macho. Alikuwa na uso mpana, masikio makubwa yaliyosimama, na kovu dogo kwenye nyusi. Midomo yake ilikuwa imepasuka na baridi. Alikuwa anaogopa sana, na bado hakukimbiza macho yake. Nilimtazama nilivyotaka, bila haraka, kama ninavyotazama samaki sokoni. Nikamwambia, "Jambo sana, mwanangu."

Tulikula sote. Wao wanakanda unga wa shayiri uliokaangwa, kwa mkono, ndani ya bakuli, mpaka unakuwa tonge. Niliwaambia kwetu hiyo ni bukari, ugali wetu, iliyosahau maji, nikatoa samaki wa chumvi niliokuja nao, nikawapasha moto juu ya jiko lile. Baba alikula mmoja kwa heshima. Mama wa nyumba alikula watatu kwa njaa. Mkwe wangu alikula mbele yangu akaangusha tonge mara mbili, nami nikajifanya sikuona.

Asubuhi niliondoka kwa jipu kabla theluji haijashuka. Mbuzi nilimwacha. Nilimwambia mama wa nyumba, kupitia binti yangu, kwamba ni wangu, simuuzi wala simpi mtu, yeye amtunze tu. Akaitika kwa kichwa, kwa uzito wote.

Mume wangu aliponipokea alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa. "Mbuzi njo ya mwisho," akasema. "Weye umeanza na mwisho."

"Ile ya mwanzo balete sasa," nikamwambia. "Nafasi iko."

Wajomba wa Dilala walinung'unika sana, wakasema nimeharibu desturi. Niliwapa viti na soda, wakakubali. Mengine yote yalikuja kwa mpangilio wake, kinyumenyume. Sasa binti yangu anakaa kule, anafanya kazi na mumewe katika zahanati ya bonde. Watu wa sokoni wananiuliza kama sijutii. Mimi sijutii. Lakini kuna jioni ambazo chakula hakishuki, na hilo nalo ni kweli.

Juzi alipiga simu. Theluji ilikuwa imeanza, mtandao ulikuwa unakatika, na alijua kwamba ukikatika kabisa tutakaa kimya mpaka barabara ifunguliwe. Hapa Kapata mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaziba sikio moja ili nisikie.

"Baridi iko mingi?" nikamuuliza.

"Iko, mama. Lakini wanyama wanalala chini yetu, joto yabo inapanda. Kitanda yangu iko juu ya kona ya mbuzi yako. Usiku ninasikia kengele yake."

Nilitaka kumuuliza anakaa upande gani wa moto. Kabla sijamaliza neno, simu ikakatika. Nikabaki nimeishika, mvua inanyesha, mume wangu ananitazama kutoka kwenye kiti chake akisubiri nimpe habari.

Mama yake bibi alikufa akiwa anauliza wasafiri habari za Kapata. Hapa hakuwa na kitu chochote chake, hata kijiko. Mimi kule nina mbuzi.